Laini, Njia na Simu ya Ndani: Historia Fupi ya Istilahi za Mtambo Mdogo wa Simu wa Nyumbani

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya maneno machache tunayoyatumia tunapozungumza juu ya simu, hususa simu za nyumbani zilizounganishwa na mtambo wenye njia zaidi ya moja. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kuwa jambo hili ni dogo mno kujaziwa kurasa za jarida hili, kwani mitambo ya namna hiyo si mingi nchini. Lakini istilahi haipimwi kwa wingi wa vitu inavyovitaja. Hupimwa kwa swali moja: je, mwananchi akisoma neno hilo akiwa peke yake, bila mtaalamu pembeni, atafanya jambo lililokusudiwa au atafanya jingine?

Hapana budi mwandishi akiri tangu mwanzo kwamba analo deni katika jambo hili. Miaka michache iliyopita, nje ya saa za kazi, nilitafsiri kijitabu cha maelezo ya mtambo mdogo wa simu. Mahali palipotajwa waya wa simu unaotoka nje niliandika “laini”. Mahali palipotajwa simu moja moja zilizowekwa vyumbani niliandika “ekstensheni”. Niliona kuwa maneno yote mawili yanatumika maofisini, nayo yameandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, basi nikaridhika. Kijitabu kikachapwa, nami nikakisahau.

Nilikutana nacho tena katika safari ya kukusanya maneno wilayani Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Mwenyeji wangu katika kijiji kimoja cha Tarime, mzee aliyestaafu ualimu, aliposikia kuwa mgeni wake anafanya kazi ya lugha alinyanyuka, akaleta kisanduku na kijitabu, akasema: “Mwanangu, wewe si mtu wa Kiswahili? Hebu tusomee hiki. Sisi kimetushinda.” Nilifungua ukurasa wa kwanza nikazikuta sentensi zangu mwenyewe. Iliandikwa hivi: “Kwanza chagua idadi ya laini unazohitaji, kisha idadi ya ekstensheni.”

Familia ile ilikuwa imetii kila neno. Ilinunua mtambo wa laini tatu na ekstensheni nane. Kisha ilisajili laini tatu za simu za mkononi, kwa alama za vidole kama sheria inavyotaka, na ikanunua ekstensheni, yaani ule ubao wa matundu wa kuchomekea vyombo vya umeme. Mtambo ulipofunguliwa hapakuonekana mahali pa kutia hata kadi moja. Fedha zilikuwa zimekwisha tumika, na mtambo ulikuwa umelala kisandukuni kwa miezi kadhaa. Mama mzazi wa mwenyeji wangu, ambaye kwa ajili yake hasa ulinunuliwa, alikuwa bado akiamka usiku akiwa mgonjwa katika nyumba ya mwisho, bila njia ya kumwita mtu ila kwa sauti yake iliyokwisha dhoofika.

Kosa halikuwa la familia wala la muuza duka. Lilikuwa la tafsiri. Ili kuelewa lilivyotokea, yafaa turudi nyuma na kulitazama neno la kwanza kabisa katika uwanja huu.

2. Asili ya neno “simu”

Neno simu ni kongwe katika Kiswahili kuliko simu tunayoijua leo. Limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya fedha, na pia waya. Limeingia kwetu pamoja na waya zenyewe. Mwaka 1879 waya wa baharini wa kupeleka habari ulilazwa kutoka Aden hadi Unguja na kuendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Wakati huo chombo alichokitengeneza Alexander Graham Bell, aliyepewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1876, kilikuwa na umri wa miaka mitatu tu, wala hakikuwa kimeenea. Kwa hiyo watu wa pwani walipoanza kusema simu walikusudia waya na habari iliyopita ndani yake kwa alama za mgongo na nukta.

Chombo cha kusemea kilipokuja, wasemaji hawakutafuta neno jipya. Waliongeza kivumishi. Ile ya zamani ikaitwa simu ya maandishi, na ile mpya ikaitwa simu ya mdomo. Mawasiliano yasiyo na waya yalipofika, yakaitwa simu ya upepo. Msomaji atazame vizuri mwendo huu. Neno lililokuwa na maana ya waya lilikubali kutumiwa kwa kitu kisicho na waya hata kidogo, na hakuna aliyelalamika. Hatimaye simu ya maandishi ilififia, ikaachia nafasi neno telegramu, nalo simu likabaki peke yake na maana ya chombo cha kuzungumzia.

Kutokana na historia hiyo twapata funzo la kwanza. Neno la ufundi likiwa mikononi mwa watu huhama. Halihami kwa sababu watu hawajui maana yake, bali kwa sababu kitu kilichokuwa karibu yake kimekwisha ondoka, na kitu kingine kimekuja kukaa mahali pale pale. Mkuza istilahi asiyefuata uhamaji huo ataandika kwa lugha ya jana akidhani anaandika kwa lugha ya leo.

3. Mtambo wa simu: kutoka mtu hadi mashine

Simu mbili zaweza kuunganishwa kwa waya mmoja. Simu kumi zikitaka kuzungumza kila moja na mwenzake, zikiunganishwa moja kwa moja, zahitaji nyaya arobaini na tano. Tatizo hili la hesabu ndilo lililozaa mtambo wa simu. Mtambo wa kwanza wa biashara ulifunguliwa mjini New Haven, Marekani, mwezi Januari mwaka 1878, ukiwa na wateja 21. Kila mteja alivutiwa waya hadi mahali pamoja, na pale mtu aliyekaa mbele ya ubao aliunganisha waya huu na ule kwa mkono. Ubao huo ndio uliokuja kuitwa kwetu swichibodi, na mtu yule akaitwa opereta.

Opereta alikuwa na uwezo mkubwa kuliko ilivyodhaniwa. Almon Strowger, mzika maiti wa Kansas City, aliamini kwamba simu za wateja wake zilikuwa zikipelekwa kwa mshindani wake. Akabuni mtambo unaojiendesha wenyewe, akapewa hataza mwaka 1891. Mtambo wa kwanza wa namna hiyo ulifunguliwa La Porte, jimbo la Indiana, mwaka 1892. Tangu hapo mteja aliweza kujitafutia namba bila kumwomba mtu.

Katika ofisi na nyumba kubwa palizuka mahitaji ya mtambo wa ndani. Hapa yafaa msomaji azitenganishe aina mbili, kwa sababu hata wauzaji huzichanganya.

Aina ya kwanza ni mtambo wa vitufe. Kila simu ina kitufe kimoja kwa kila njia itokayo nje, pamoja na taa yake. Taa ikiwaka, njia ile inatumika. Ikizimika, iko wazi. Mtumiaji huchagua njia kwa kidole chake. Katika mitambo ya kale ya aina hii iliyoenea Marekani, simu yenye njia tano ilihitaji kebo nene yenye jozi 25 za nyaya, kwa kuwa njia zote zilifika katika kila simu.

Aina ya pili ni mtambo wa kuunganisha, ambao kwa hakika ni mtambo wa mjini uliofanywa mdogo. Kila simu huvutiwa jozi moja tu ya nyaya na kupewa namba yake fupi. Anayetaka kuzungumza na chumba kingine hupiga namba hiyo fupi. Anayetaka kutoka nje hupiga tarakimu maalumu, mara nyingi tisa, na mtambo humtafutia njia iliyo wazi. Simu za kawaida za mezani hufaa, hazihitaji vitufe vya ziada.

Kwa miaka mingi ya karne ya 20 mitambo yote miwili ilikuwa mikubwa, na katika nchi nyingi shirika la simu ndilo pekee lililoruhusiwa kuifunga. Nchini Marekani uamuzi wa mwaka 1968 katika shauri la chombo kilichoitwa Carterfone ulifungua mlango kwa wateja kuunganisha vifaa vyao wenyewe. Baadaye viwanda vya Japani vilitoa mitambo midogo iliyoweza kutundikwa ukutani. Mmojawapo, Panasonic KX-T308, ulipokea njia tatu kutoka nje na kugawa kwa simu nane za ndani. Ukubwa wa tatu kwa nane ukawa kipimo cha kawaida cha nyumba kubwa, duka, zahanati au nyumba ya wageni. Msomaji ataona kuwa mtambo ulionunuliwa kule Tarime ulikuwa wa kipimo hicho hicho.

4. Simu katika Tarime na Serengeti

Tarime na Serengeti ni wilaya jirani, lakini historia zao za mawasiliano zimepishana. Tarime, iliyokuwa makao makuu ya Wilaya ya Mara Kaskazini kabla ya jina hilo kuachwa, imepakana na Kenya. Barabara kuu itokayo Musoma huipitia hadi Sirari, na ng'ambo ya mpaka ni Isebania. Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, imepakana na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1951. Upande wa mpakani watu waliijua simu ya posta. Upande wa hifadhini waliotembea porini walitegemea zaidi redio za mawasiliano, ambazo wengi hata leo huziita redio kolo.

Huduma ya posta na simu katika Tanzania, Kenya na Uganda ilikuwa ya pamoja chini ya shirika moja la Afrika Mashariki hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Ndipo likaundwa Shirika la Posta na Simu Tanzania, lililoanza kazi mwaka 1978. Shirika hilo nalo liligawanywa kwa sheria ya mwaka 1993, nayo Kampuni ya Simu Tanzania ikaanza kazi mwaka 1994. Kumbukumbu moja ya undugu wa zamani ilidumu katika namba: kwa miaka mingi aliyetaka kupiga Kenya kutoka Tanzania alianza na 005 na aliyepiga Uganda alianza na 006, badala ya kufuata utaratibu wa simu za nchi za mbali.

Kwa hiyo mzee wa Tarime aliyefanya kazi ofisini katika miaka ya 1970 alilijua neno laini kwa maana ya waya wa simu. Alisema “laini imekatika”, “laini ina kelele”, “sijapata laini”. Aliijua pia laini ya polisi, yaani safu za nyumba za askari. Maneno yote mawili yametokana na Kiingereza. Laini ya tatu, ile ya kitambaa laini au maneno laini, haina uhusiano nayo, kwani imetokana na Kiarabu. Zilikutana kwa sauti tu.

Simu za mkononi zilianza kutolewa nchini mwaka 1994, zikapanuka sana baada ya mwaka 2000. Hapo ndipo neno laini lilipohama. Kampuni ya simu haikuwa tena ikimvutia mteja waya. Ilimpa kadi ndogo, na kadi ile ndiyo iliyokuwa haki yake ya kuzungumza na namba yake ya kutambulika. Watu wakafanya kama babu zao walivyofanya na neno simu: wakalichukua jina la waya wakaipa kadi. Mwaka 2008 huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini, laini ikawa pia mkoba. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ilitia nguvu usajili, na mwaka 2019 ulipoanza usajili wa alama za vidole, matangazo ya serikali yenyewe yalisema “usajili wa laini za simu”. Maana mpya ikawa imepigwa muhuri.

Takwimu zaunga mkono jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 2022 laini za simu za mkononi nchini zilikuwa zimepita milioni 60, ilhali simu za mezani hazikufika laki moja. Kijana wa Nyamongo au Mugumu aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 huenda hajapata kuuona waya wa simu ukutani. Kwake yeye laini ni kadi, na haiwezi kuwa kitu kingine.

Mpakani neno hili limepata kazi zaidi. Mkazi wa Sirari mwenye ndugu na wateja ng'ambo huwa na laini ya Tanzania na laini ya Kenya, tena mara nyingi katika simu moja. Akisema “nataka simu ya laini mbili”, muuza duka haulizi swali. Kwa hakika hiyo ndiyo “simu ya njia nyingi” iliyokwisha enea katika wilaya hizi, na imeenea bila msaada wa kamati yoyote. Basi familia ya mwenyeji wangu iliposoma “mtambo wa laini tatu” ilielewa vema kabisa. Ilielewa Kiswahili cha leo. Aliyepitwa na wakati ni mfasiri.

5. “Nyumbani” ni wapi?

Kosa la pili lilikuwa limejificha zaidi. Kijitabu cha asili kilizungumza juu ya nyumba moja yenye vyumba vingi, na mtambo wake ulipangiwa ukumbi, jiko, chumba cha kulala na chumba cha kazi. Nilitafsiri “vyumba vya nyumba yako”, nikaendelea mbele.

Lakini kwa Wakuria, ambao ni wengi wilayani Tarime na wamo Serengeti pia, makazi ya familia kubwa kwa desturi hayakuwa nyumba moja. Yalikuwa nyumba kadhaa zilizozunguka zizi la ng'ombe, kila mke na nyumba yake. Nyumba kwa maana hiyo si kuta na bati. Ni mama, watoto wake na mali yao. Katika Kiswahili cha kanda ya ziwa makazi yote pamoja huitwa mji, kama wasemavyo “mji wa fulani”, na wengine husema boma. Mtu akisema “nyumbani” huenda akakusudia mji mzima.

Mji wa mwenyeji wangu ulikuwa na nyumba tatu na zizi katikati, tena na duka la dawa kando ya barabara, kiasi cha hatua mia mbili. Kwa familia kama hiyo maelezo ya “chumba hadi chumba” hayana maana. Swali lake ni la nyumba hadi nyumba: waya upite wapi usikanyagwe na ng'ombe, na usipigwe na radi? Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi sana. Waya uliotundikwa juu baina ya nyumba mbili bila kinga na bila waya wa ardhini waweza kuleta hatari hadi sikioni mwa mtu. Kijitabu kilikuwa na mstari mmoja tu juu ya radi, nao ulikuwa ukurasa wa mwisho.

Hapa twaona kwamba kutafsiri neno “nyumbani” kulihitaji ujuzi wa mahali kama vile kutafsiri jina la chombo. Kamusi haikukosea. Ila haikujua msomaji anakaa wapi.

6. Mapendekezo ya istilahi

Utaratibu wa kuunda istilahi wafahamika kwa wasomaji wa jarida hili. Hutazamwa kwanza Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na baada ya hapo lugha za kigeni. Utaratibu huu umezaa matunda. Neno ikulu limetoka bara, katika lugha za Kisukuma na Kinyamwezi. Mkoa wa Mara wenyewe umeipa lugha ya taifa neno kung'atuka, lililotoka katika Kizanaki na kuenezwa na Mwalimu Julius Nyerere alipoacha urais mwaka 1985. Kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbilia Kiingereza kabla ya kuuliza nyumbani.

Kwa kufuata utaratibu huo tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, laini iachiwe maana waliyoipa wananchi, yaani kadi ya simu ya mkononi pamoja na namba yake. Kujaribu kuirudisha kwenye waya ni kama kujaribu kulirudisha neno simu kwenye mgongo na nukta.

Pili, mawasiliano yaingiayo katika mtambo kutoka nje yaitwe njia, au njia ya nje panapohitajika kusisitiza. Neno hili ni letu, na tayari latumika katika umeme, kwani watu husema njia ya umeme. Tena lina ndugu wengi: Wagikuyu husema njira, Wagusii walio jirani na Wakuria husema enchera. Asemaye lugha ya Kibantu hatalikuta geni.

Tatu, kila simu iliyounganishwa na mtambo ndani ya nyumba au mji iitwe simu ya ndani, na namba yake fupi iitwe namba ya ndani. Neno ekstensheni limekwisha chukuliwa na mafundi wa umeme, nasi hatuna haja ya kuligombania. Tuliwahi kufikiria simu tanzu, lakini wazee tuliowauliza Tarime na Mugumu walidhani ni simu ya mjukuu, wakacheka. Neno linalochekwa siku ya kwanza halina maisha marefu.

Nne, chombo chenyewe kiitwe mtambo mdogo wa simu. Aina zake ziwe mtambo wa vitufe na mtambo wa kuunganisha, kama zilivyoelezwa hapo juu. Swichibodi libaki kwa ubao wenye opereta.

Huenda msomaji akauliza: kwani kuna ubaya gani laini ikawa na maana mbili? Maneno mangapi katika lugha yetu yana maana mbili na watu wanaelewana? Hoja hii ni ya haki, na jibu lake tulilipata katika kazi yenyewe. Siku hizi kuna kifaa kidogo ambacho hutiwa kadi ya simu ya mkononi upande mmoja, na upande wa pili hutoa tundu la waya kama lile la ukutani. Kifaa hicho ndicho kiunganishi kilichokosekana katika mji ule. Sasa tujaribu kukieleza kwa istilahi ya zamani: “Laini hutiwa katika kifaa, kifaa hutoa laini, laini huingia katika mtambo.” Hakuna atakayeelewa. Tueleze kwa istilahi inayopendekezwa: “Laini hutiwa katika kifaa, kifaa hutoa njia, njia huingia katika mtambo, na mtambo huigawa kwa simu za ndani.” Sentensi hii ya pili twaweza kumpa mtu yeyote ajuaye kusoma, akafanya kazi.

Kwa istilahi hizo hizo mwongozo wa kuchagua mtambo waweza kuandikwa kwa maneno machache. Hesabu kwanza simu za ndani: nyumba ngapi, na je, duka ni mojawapo? Hesabu baadaye njia za nje: watu wangapi watataka kuzungumza na watu wa nje kwa wakati mmoja? Kwa familia nyingi njia moja au mbili zatosha, ingawa simu za ndani ni nyingi. Uliza mtambo waweza kubeba mazungumzo mangapi ya ndani kwa pamoja. Uliza umeme ukikatika itakuwaje, kwa sababu baadhi ya mitambo huiacha simu moja ikiwa imeunganishwa na njia ya nje, na mingine hunyamaza kabisa mpaka iwekewe betri. Fukia waya ndani ya bomba kuliko kuutundika, na usikubali kufungiwa mtambo usio na kinga ya radi na waya wa ardhini. Jambo moja lataka kuandikwa ukurasa wa kwanza kabisa: kuzungumza nyumba hadi nyumba hakuhitaji laini wala njia ya nje, na hakulipiwi.

7. Hitimisho

Jambo hilo la mwisho ndilo lililotuokoa kule Tarime. Usiku ule nilimweleza mwenyeji wangu kwamba kijitabu kile nimekitafsiri mimi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Basi sahihisha.” Hakuongeza neno. Asubuhi tulianza. Fundi wa umeme wa kijijini alifukia bomba kutoka nyumba ya katikati hadi nyumba ya mama, akapitisha jozi moja ya nyaya, akafunga waya wa ardhini. Simu mbili za mezani zilipatikana Tarime mjini. Mtambo uliwashwa bila njia yoyote ya nje. Kile kifaa cha kadi kiliagizwa baadaye, nazo laini mbili kati ya zile tatu zikapata kazi.

Mama alipofundishwa kupiga namba ya ndani, aliuliza kama ataweza kupiga hata kama hana salio. Aliambiwa kuwa simu hii haina salio. Akaijaribu mara tatu mfululizo, na kila mara mwanawe akaitika akiwa nyumba ya pili. Kisha akaipa jina. Hakuiita mtambo wala ekstensheni. Aliiita “simu ya humu ndani”.

Mapendekezo yaliyotajwa hapo juu hayajapitishwa, na yatapita katika kamati kama ilivyo desturi. Huenda baadhi yakakataliwa, na huenda wasomaji wakawa na maneno bora zaidi kutoka katika lugha zao. Tungependa kuyapata, hasa kutoka kwa wasemaji wa Kikuria, Kijaluo, Kingoreme, Kiikoma na Kinata, ambao maneno yao bado hayajakusanywa vya kutosha katika uwanja wa ufundi. Ombi letu ni moja tu: kila anayeleta neno atuambie pia alimsikia nani akilitumia, mahali gani, na kwa kazi gani. Kijitabu kimekwisha sahihishwa, na ukurasa wake wa kwanza sasa waanza na maneno “simu ya ndani”.